Fidia kwa aliyeumia kazini: hali ilivyo Bweni, Mafia

Fidia kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake, kwa upande wa Tanzania Bara, hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake tatu, WCF. Mfuko huo ulianzishwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, ukaanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi hata shilingi moja ya mshahara wake kwa jina la mchango huo ni kosa. Mwajiri wa sekta ya umma huchangia asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Wa sekta binafsi alianza na asilimia 1, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021 na hadi 0.5 mwaka 2022, na tangu hapo sekta zote mbili ziko sawa.

Kabla ya hapo ilikuwepo sheria ya zama za mkoloni, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, iliyodumu miaka mingi baada ya uhuru. Sheria ile ilimbebesha kila mwajiri mzigo wa majeruhi wake mwenyewe. Mwajiri akifilisika au akiamua kukaa kimya, fidia ilipotea pamoja naye. Viwango vyake vya juu vilikuwa vimeandikwa kwa shilingi kamili, na bei za vitu zilipopanda mwaka hadi mwaka, mtu aliyepoteza mkono alibaki na malipo yasiyotosha kumnunulia mahitaji ya miezi michache. Mfuko ulikuja kuondoa udhaifu huo kwa kukusanya michango ya waajiri wote mahali pamoja, ili mfanyakazi wa mwajiri maskini alipwe sawa na wa mwajiri tajiri. Wazo lenyewe si geni duniani: Ujerumani iliweka bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa fidia ya ajali, Na. 17, mwaka 1925.

Kiini cha mfumo huu ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mtu. Katika kesi ya madai ya kawaida, aliyeumia hutakiwa kuonyesha kuwa mwenzake alizembea. Hapa swali ni moja tu: je, ajali ilitokea kwa sababu ya kazi na wakati wa kazi? Baharia aliyekatwa na rafadha ya mashine haulizwi kama nahodha aliwasha mashine kwa pupa, wala hanyimwi haki kwa kuwa yeye mwenyewe aliteleza. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumfungii mlango. Kinachoweza kumfungia ni utovu wa makusudi, kama kulewa kazini, na hata hapo sheria inalegeza pale ajali inapomwachia ulemavu mkubwa au kumuua na kuacha wategemezi.

Bweni ni kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kilindoni, yaliko makao makuu ya wilaya na hospitali ya wilaya, iko upande wa kusini, zaidi ya kilomita 40 za barabara. Makao makuu ya mkoa ni Kibaha, ng'ambo ya bahari. Watu wa hapa wanaishi kwa uvuvi, kwa minazi, kwa mashamba madogo, na wanawake wanasifika kwa kusuka mikeka. Kazi zenyewe ni za hatari hasa: kuvua usiku kwa taa, kuzamia, kukwea minazi mirefu, kupaua nyumba, kupakia mizigo, kuendesha bodaboda. Hata hivyo ni wachache kijijini wanaojiona kuwa wafanyakazi kwa maana inayosomwa katika sheria.

Kwa baadhi ya watu hakuna ubishi. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi na mtendaji wa kijiji wana mwajiri anayejulikana, hati ya ajira na mshahara wa kila mwezi. Kijana wa Bweni aliyeajiriwa kwenye hoteli ya Utende, au nahodha anayewapeleka wageni kumtazama papa potwe huko Kilindoni, naye yumo, ilimradi kampuni inamlipa. Ugumu unaanza kwa walio wengi.

Mfano mkubwa ni wa mabaharia wa vyombo vya uvuvi. Mwenye chombo, ambaye pwani nzima humwita tajiri, anatoa chombo, mashine na nyavu. Nahodha na mabaharia wanatoa nguvu zao. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa, fungu moja la chombo na zana, fungu jingine la mabaharia. Hakuna mshahara, hakuna karatasi, na usiku usio na samaki hauna malipo. Siku baharia anapopoteza vidole kwenye kamba ya nanga, tajiri husema kwa utulivu kabisa kwamba yule hakuwa mfanyakazi wake bali mshirika wake, kwani walikuwa wakigawana.

Hoja hiyo ina nguvu masikioni, lakini haimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mwajiriwa, bila kujali mkataba wao umeitwa jina gani, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo au usimamizi wa mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shughuli ya huyo mwingine, amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chake kinamtegemea huyo mwingine, anapewa zana za kazi na huyo mwingine, au anamfanyia kazi mtu huyo peke yake. Dhana hiyo husimama hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayekana.

Ukikiweka chombo cha Bweni mbele ya orodha hiyo, mambo yanayotimia ni mengi kuliko moja. Nyavu na mashine ni za tajiri. Nahodha aliyewekwa na tajiri ndiye anayeamua chombo kishuke saa ngapi na kiende mwamba gani. Baharia anayeshuka usiku ishirini kwa mwezi anavuka saa 45 ndani ya wiki moja au mbili. Mabaharia wengi wanashuka na chombo kimoja msimu mzima. Kugawana mapato ni njia ya kukokotoa ujira, na peke yake hakumgeuzi mtu asiye na chombo, asiye na nyavu na asiye na sauti juu ya bei ya samaki kuwa mshirika wa biashara. Mshirika wa kweli hubeba hasara ya chombo kikizama. Baharia hubeba mwili wake tu. Hali ni tofauti pale ndugu wawili wanapomiliki mtumbwi kwa pamoja, au mvuvi wa madema anapokwenda peke yake kutega na kutegua. Hao wamejiajiri, na Mfuko haukuundwa kwa ajili yao. Kinga yao inabaki kwenye bima ya afya na akiba za hiari, na hilo ni pengo kubwa ambalo hakuna tafsiri ya kifungu inayoweza kuliziba.

Mkwezi yuko katikati. Anayepita shamba kwa shamba akilipwa kwa mnazi, leo kwa huyu kesho kwa yule, akiwa na kamba na panga lake mwenyewe, ni vigumu kumtaja mwajiri wake. Lakini mkwezi wa mwenye shamba kubwa, anayeitwa kila angulio, akapangiwa safu za minazi na kusimamiwa na mnyapara, yuko karibu sana na mwajiriwa hata kama analipwa kwa idadi ya minazi. Ujira wa kipande ni ujira. Kadhalika wale wanaofua nazi kwenye kifuo kwa malipo ya kila mia. Kwa fundi wa kupaua anayeanguka kutoka kwenye kenchi za darasa jipya, swali la kwanza ni nani aliyempa kazi na nani aliyekuwa akimlipa. Akiwa chini ya mkandarasi, mkandarasi ndiye mwajiri. Mradi ukiwa wa kutumia mafundi wa kijijini chini ya kamati ya shule, ambao maofisa huuita force akaunti, makubaliano ya fundi na kamati, hata yawe ya ukurasa mmoja, ndiyo yatakayosomwa kwanza. Fundi mkuu aliyechukua kazi kwa bei ya jumla anaweza kuonekana kuwa ni mwajiri wa vijana wake, na vijana hao ndio wanaopanda juu.

Kwa hiyo Bweni haki haishindwi kwa sababu sheria imewatenga watu. Inashindwa kwa sababu siku ya ajali hakuna chochote kilichoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoweza kuyatoa mbele ya chombo cha sheria, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Hilo linamsaidia baharia asiye na mkataba, lakini halimwondolei kazi ya kuonyesha kwamba alikuwepo. Na ushahidi wa kuwepo upo, ila umetawanyika. Leseni ya chombo inamtaja mmiliki. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, BMU, huandika vyombo na mavuno yanayoshuka. Daftari la nahodha au la mnunuzi wa dagaa lina tarehe na mafungu. Miamala ya simu kutoka kwa tajiri ina jina lake na siku zake. Mabaharia wenzake waliokuwa chomboni wanaweza kusema nani alikuwa wapi. Vitu hivi vikikusanywa wiki ya kwanza vina uzito. Vikitafutwa baada ya mwaka, daftari limeloa na wenzake wamehamia kwenye vyombo vingine.

Sheria inampa mwajiri siku 7 tangu apate habari ya ajali kuutaarifu Mfuko. Mfanyakazi naye anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na madai yasiyofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12 yanaweza kupotea kabisa. Muda huo unaonekana mrefu, na kwa mtumishi wa umma Kibaha ni mrefu kweli. Kwa mtu wa Bweni aliyelala na mguu uliovunjika, miezi 12 hupita kwa namna inayojulikana. Tajiri anakuja siku ya tatu na fedha za dawa. Anarudi mwisho wa mwezi na gunia la unga. Wazee wanakaa, inatamkwa kwamba ni mipango ya Mungu, na pande zote mbili zinakubaliana kumalizana. Ahadi ya kumpa kazi nyepesi akipona inaongezwa juu yake. Hakuna ubaya katika msaada huo, na matajiri wengi huutoa kwa moyo safi. Ubaya ni kwamba huchukua nafasi ya taarifa. Kufika mwezi wa 13, msaada umekoma, kazi nyepesi haikupatikana, na mlango wa Mfuko umefungwa.

Kuna jambo ambalo watu wengi wa pwani hawajaambiwa: makubaliano ya kumalizana hayafuti haki ya kisheria. Mfanyakazi hawezi kufungwa na maneno au karatasi inayosema ameridhika na hatadai fidia, kwa kuwa sheria hairuhusu haki hiyo iuzwe wala isamehewe kwa mkataba. Anaweza kupokea gunia la unga na bado akadai. Vivyo hivyo, kutosajiliwa kwa mwajiri hakumfutii mfanyakazi madai yake. Kujisajili na kuchangia ni wajibu wa mwajiri, na Mfuko una uwezo wa kisheria wa kumdai malimbikizo na adhabu. Mwajiri asipotaka kutoa taarifa, mfanyakazi au ndugu yake anaweza kuifikisha mwenyewe kwa ofisi ya Mfuko au kupitia afisa kazi. Kwa mtu wa kisiwani, barua moja yenye muhuri wa serikali ya kijiji, inayotaja tarehe, chombo, mmiliki na mashahidi, iliyotumwa ndani ya wiki ya kwanza, ina thamani kuliko safari tatu za baadaye.

Hospitali ndipo madai mengi yanapoumbwa au kuharibika. Majeruhi wa Bweni anafikishwa kwanza kwenye huduma ya karibu, kisha Kilindoni, na akizidiwa anavushwa kwa boti hadi Nyamisati au kwa ndege hadi Dar es Salaam. Wakati wa kusi bahari inapochafuka, kuvuka huko kunaweza kungoja siku. Kumfikisha aliyeumia kwenye matibabu ni jukumu la mwajiri, na huduma ya matibabu chini ya Mfuko inajumuisha dawa, upasuaji, kulazwa, viungo bandia na gari la wagonjwa inapohitajika. Lakini yote hayo yanategemea sentensi iliyoandikwa kwenye faili siku ya kwanza. Tabibu anauliza, "Umefanyaje?" Ndugu anajibu, "Ameanguka mnazini." Tabibu anaandika hivyo hivyo: ameanguka mnazini. Miezi sita baadaye anayesoma faili hawezi kujua kama mgonjwa alikuwa akiangua dafu la kunywa nyumbani kwake au alikuwa kwenye shamba la mtu akilipwa. Laiti ndugu angesema, "Ameanguka mnazini akiwa kazini kwenye shamba la fulani," tabibu angeandika hayo, na faili lingekuwa shahidi asiyehama chombo. Ajali ya barabarani huhitaji pia fomu ya polisi, PF3, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpelekea mwajiri mzigo anapaswa kusema hivyo pale polisi.

Taarifa za daktari ni za hatua: ya mwanzo, za maendeleo ya matibabu, na ya mwisho, hali inapokuwa imetulia na haitarajiwi kubadilika tena. Ni baada ya hiyo ya mwisho ndipo ulemavu wa kudumu unapopimwa kwa asilimia. Majeruhi wengi huacha kurudi hospitali kidonda kikifunga, kwa sababu nauli ya Kilindoni inauma. Wakiacha hapo, ulemavu wao haujapimwa, na kwenye karatasi wanabaki watu waliopona.

Mafao yenyewe ni ya aina saba: huduma za matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa marehemu. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi inayokwenda kwa kadiri ya asilimia yake, na mwenye ulemavu wa asilimia 100, kama aliyepoteza macho yote mawili, pensheni yake ni asilimia 70 ya kipato, maisha yake yote. Utengamao haujazoeleka sana kijijini ingawa ni fao la maana: baharia asiyeweza tena kuvuta nyavu anaweza kufundishwa kazi nyingine, badala ya kurudishwa nyumbani na fedha tu.

Hesabu ya upande wa mwajiri haitishi. Tuseme chombo kina mabaharia kumi, na fungu la kila mmoja kwa wastani ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Jumla ya ujira ni shilingi 4,000,000, na mchango wa asilimia 0.5 ni shilingi 20,000. Hizo ni lita chache za petroli, pungufu ya zile zinazochomwa katika usiku mmoja wa kutafuta dagaa. Kwa upande wa pili, baharia mmoja wa hao akilazwa miezi sita, asilimia 70 ya kipato chake ni shilingi 280,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,680,000, mbali na gharama za upasuaji. Tajiri wa chombo kimoja akitakiwa kutoa fedha hizo mfukoni, anauza mashine. Kumalizana kunakoonekana kuwa nafuu ndiko kunakomwacha wazi mwenye chombo mwenyewe.

Tatizo la kweli katika hesabu hiyo ni neno "wastani". Fungu la baharia hupanda wakati wa giza, hushuka mbalamwezi inapowaka, na huweza kukatika kabisa kusi likivuma. Kipato kisichoandikwa hukadiriwa chini, na fidia yote, kuanzia ya muda hadi pensheni ya mjane, hujengwa juu ya makadirio hayo. Baharia anayetunza rekodi ya mafungu yake ya miezi kumi na miwili anajiwekea kima cha fidia yake, hata kama anaandika nyuma ya daftari la mtoto wa shule.

Baharia akifa, wategemezi huchukua nafasi yake: mjane au wajane, watoto, na kama hao hawapo, wazazi au wengine waliokuwa wakimtegemea. Msingi wa malipo haya ni utegemezi, wala hayafuati mafungu ya mirathi, jambo linalohitaji kuelezwa mapema kwenye familia za Kiislamu ambako ndugu wa marehemu huja na hesabu ya kurithi. Nyaraka zinazotakiwa ni cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa nyingi za kijijini zimefungwa mbele ya shehe na mashahidi bila cheti, na mjane hulazimika kuanza kuzitafutia uthibitisho akiwa kwenye eda. Zito kuliko yote ni la mtu aliyepotea baharini. Bila maiti hakuna cheti cha kifo kwa njia ya kawaida, na familia inabidi iende mahakamani kuomba tamko la kuwa amekufa. Ushuhuda wa manusura na taarifa iliyotolewa polisi siku chombo kiliposhindwa kurudi ndivyo vinavyobeba shauri hilo.

Magonjwa ya kazi yamo pia ndani ya sheria, na kwa kisiwa cha wazamiaji hili si dogo. Anayezamia kwa mtungi au kwa mpira wa hewa na kupanda juu haraka anaweza kupooza miguu kwa sababu ya mapovu ya gesi yanayotokea kwenye damu na neva. Pwani maradhi hayo mara nyingi husukumiwa kwa mashetani wa baharini, mgonjwa akapelekwa kwa mganga, na wakati ambao tiba ingemsaidia ukapita. Muongoza wazamiaji wa hoteli anayepatwa na hali hiyo ana haki sawa na aliyevunjika mguu, ilimradi daktari ataje kuzamia kama chanzo.

Majirani wamechagua njia nyingine. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007 inayojulikana kama WIBA, inamtaka kila mwajiri akate bima kwa kampuni binafsi, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa kwa kipimo cha kipato cha miezi 96. Sheria ya Uganda, ya mwaka 2000, inatumia miezi 60. Malipo hayo ya mkupuo huonekana makubwa siku ya kupokelewa, lakini pensheni ya Tanzania Bara ina faida kwa kijana wa miaka 25, ambaye miezi 96 ingemwisha akiwa bado na watoto wadogo.

Zanzibar ina sheria yake ya fidia, kwani masuala ya kazi si ya Muungano, na mipaka hiyo inaigusa Bweni moja kwa moja. Maji ya kaskazini mwa Mafia hupokea wavuvi wa dago kutoka Unguja na Pemba, wanaopiga kambi ufukweni kwa wiki kadhaa. Baharia aliyeajiriwa na tajiri wa Pemba na chombo chake kikasajiliwa huko, akiumia kwenye miamba ya Mafia, ana madai yanayoanzia kwenye sheria ya Zanzibar ingawa mguu wake umefungwa bandeji Kilindoni. Kijana wa Bweni anayekwenda Unguja kufanya kazi hotelini naye yuko chini ya sheria ya huko. Swali la kuuliza kabla ya kupanda chombo cha dago ni chombo kimesajiliwa wapi na tajiri anaishi wapi.

Uamuzi wa Mfuko ukimnyima mtu haki, au ukimpa asilimia ndogo ya ulemavu, una njia ya kupingwa: rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na kutoka hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kwenye asilimia ya ulemavu, maoni ya daktari mwingine huwa na uzito kuliko malalamiko marefu. Wengi hukosea kwa kupeleka madai ya fidia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Tume hiyo inashughulikia mambo mengine, likiwemo la kuachishwa kazi. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu ameumia ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri kwanza aangalie kama kuna kazi nyingine inayomfaa mtu huyo, huku zikimwekea wajibu mzito zaidi pale ulemavu ulipotokana na kazi yenyewe. Mashauri hayo mawili huenda sambamba, kila moja kwa muda wake: la CMA huhesabiwa kwa siku, na la Mfuko kwa miezi.